Binti Anasomea Sheria, Ushauri Natoa Mimi

Mshauri wangu mpendwa, kwanza pokea salamu zangu, halafu kaa vizuri kwenye kiti chako maana niliyonayo ni mengi, na shule yangu mimi iliishia darasa la saba, kwa hiyo nukta na mkato utaweka mwenyewe pale utakapoona pumzi imekuishia.

Mimi ni msusi. Nasukia nyumbani, chumba cha mbele, nina viti viwili na benchi la wanaosubiri na kioo kikubwa chenye ufa pembeni, na sijisifu ila nikikusuka leo wiki ijayo watu bado wanakusimamisha njiani kukuuliza umesukwa na nani. Lakini sikukuandikia kwa ajili ya nywele, nimekuandikia kwa ajili ya binti yangu, na ukitaka kunielewa lazima kwanza univumilie nimsifie, maana bila hivyo hutaona nilipotelezea.

Binti yangu yuko chuo, mwaka wa pili, anasomea sheria. Narudia, sheria. Mwaka huu somo lao kubwa ni mwenendo wa mashauri ya jinai, yaani mambo yote kuanzia mtu anapokamatwa mpaka hakimu anapogonga meza, na huyu mtoto hawezi kusoma kimya, toka mdogo, kitabu lazima akisome kwa sauti huku anatembea. Kati ya chumba chake na chumba changu cha kusukia kuna pazia tu. Kwa hiyo mimi nasuka huku, yeye anasoma kule, na wateja wangu wanasikiliza midomo wazi mpaka wengine nikishamaliza kuwasuka hawataki kuondoka.

Na hasomi tu, anaigiza. Nina vile vichwa vya plastiki vya kuwekea mawigi, basi akirudi nyumbani anavikusanya vyote anavipanga mezani kwake. Chenye wigi la kijivu ndiye hakimu. Chenye wigi jekundu ndiye mwendesha mashtaka, eti kwa sababu anawaka. Kile chenye kipara, ambacho wigi lake lilishauzwa, ndiye mshtakiwa, na yeye mwenyewe anasimama wakili. Siku moja nikamkuta amekaa kitandani machozi yanamtoka, nikashtuka, nikamuuliza mwanangu umefiwa? Akasema, "Mama, nimemtetea vizuri kabisa lakini nilisahau kuhakikisha kama ameelewa shtaka aliposomewa." Nikamuuliza nani? Akanionyesha kile kichwa cha kipara. Mshauri, mtoto analilia haki ya plastiki! Nilitoka pale nikaenda kuwasimulia wateja, na mmoja akasema mtoto wa namna hiyo hakuzaliwa, aliletwa.

Basi mtaa mzima wanamwita Wakili. Yeye hapendi, kila mara anasema, "Mama, waambie mimi ni mwanafunzi, kujiita wakili wakati hujawa ni kosa." Mimi namjibu sawa mwanangu, nikigeuka namwita Wakili. Na mimi wananiita Mama Wakili, na jina hilo, sikufichi, ni tamu.

Shida ilianza kidogo kidogo. Mama mmoja alikuja kusukwa akaniambia askari wanataka kuja kupekua duka la mume wake, nami nikiwa na kitana mkononi nikamwambia, mkiwaona waulizeni kwa adabu kama wana hati ya upekuzi. Wakauliza, wale askari wakaenda kuitafuta, upekuzi ukafanyika kwa utaratibu na hakuna kilichoonekana. Yule mama akarudi na zawadi ya sabuni za kuogea. Baada ya hapo watu wakaanza kuja na mambo yao, binti akiwepo anawaambia mimi bado nasoma nendeni kwa wakili, akiwa chuo nawajibu mimi, maana yale maneno yote nimeyasikia kupitia pazia, mengine nayajua kwa moyo.

Sasa jirani yangu, muuza mitumba, tumegawana ukuta na tunaishi kama ndugu, ana kijana wake fundi simu ambaye jina lake la mtaani ni Redio. Ukipeleka simu kwake utajua habari za watu wote kabla hajafungua hata kifuniko. Kijana mzuri, ana heshima, mimi ananiita mama mkubwa. Wiki mbili zilizopita mtu alimletea simu akamwambia nitolee namba ya siri, akaiacha, na kabla mtu huyo hajarudi wakaja askari pamoja na mwenye simu wa kweli, kumbe aliibiwa, wakaikuta juu ya meza ya Redio, wakamchukua.

Jirani yangu alikuja mbio, mtandio unaburuta chini, nikiwa namsuka mtu katikati ya kichwa. Akasema, "Mama Wakili, yuko wapi Wakili?" Nikasema yuko chuoni. Akasema, "Mpigie." Nikasema ana mtihani wa majaribio, simu amezima. Akaanza kulia. Na hapa ndipo, Mshauri, nilipopaswa kusema subiri jirani yangu, angalau jioni ifike, lakini benchi limejaa wateja wote wananitazama mimi, ulimi wangu ukanitangulia. Nikamwambia, "Wakili hayupo lakini maneno yake ninayo. Kimbia kituoni, mwambie mwanao ana haki ya kunyamaza. Asifungue mdomo. Wakimuuliza chochote, kimya."

Akaniuliza, "Chochote?"

"Chochote."

"Hata jina lake?"

Nikamwambia, "Jirani, mama wa Wakili ni wewe au ni mimi?"

Nikamwongezea, "Na wewe ukishamfikishia huo ujumbe usiseme kitu tena, wasije wakakugeuza shahidi. Mwambie ni maneno ya Wakili mwenyewe." Hayo ya mwisho ndiyo yanayonikosesha usingizi.

Alifika, akampigia kelele kutoka mlangoni kabla hawajamfukuza, na Redio akamwinulia kidole gumba. Kuanzia hapo yule kijana ambaye hajawahi kumaliza kunywa maji bila kusimulia kitu, akafunga mdomo. Wakamuuliza jina, kimya. Unaishi wapi, kimya. Simu hii nani kakuletea, kimya, anatazama dari.

Kesho yake, Ijumaa, akapelekwa mahakamani nami nikafunga kazi nikaenda, nimevaa gauni langu la sherehe, nikakaa benchi la mbele. Hakimu akamsomea shtaka, akamuuliza je ni kweli au si kweli. Redio akatazama dari. Nikawa najisikia raha moyoni, nasema ona kijana anavyoshika maneno ya Wakili! Hakimu akarudia taratibu. Dari. Hakimu akamuuliza karani, "Huyu anasikia?" Karani akaenda akapiga makofi karibu na sikio lake, Redio akapepesa macho tu. Hakimu akasema mahakama inaandika kwamba amekana, sawa, lakini je, dhamana? Mwendesha mashtaka akasimama, wala hakuwa na wigi jekundu, ni mtu mpole tu, akasema upande wao hauna pingamizi lolote, kosa lenyewe lina dhamana, ila mheshimiwa tutamdhamini nani, hatujui jina lake wala anapolala, na ndugu hata mmoja hajajitokeza.

Mshauri, jirani yangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Amejiziba mdomo kwa mtandio kwa mikono miwili, kwa sababu mimi nilimwambia asiseme kitu, na mimi nikawa namtazama hakimu tu. Hakimu akaamuru yule kijana apelekwe kwa daktari, achunguzwe kama ni bubu au akili zake hazijatulia, na akae rumande mpaka taarifa ya daktari ifike, mwisho wa mwezi. Walipomshusha kizimbani akapita karibu yangu. Amejaa maneno mpaka shingoni, lakini hakusema hata moja. Akaniinamishia kichwa kwa heshima.

Na kinachonimaliza ni jirani yangu. Hanilaumu. Kila asubuhi ananisalimia kupitia ukuta, "Mama Wakili, mwambie Wakili tunamshukuru, mwanangu bado ameshikilia." Anadhani ndio mpango wenyewe, na ameshawaambia watu sokoni kwamba ni mbinu ya binti yangu. Sasa jina la mwanangu ndilo linalozungushwa, nami namkumbuka akisema kujiita wakili wakati hujawa ni kosa. Wakisikia chuoni je? Wakimfukuza? Mtoto anayelilia kichwa cha plastiki, afukuzwe kwa ulimi wa mama yake?

Sijamwambia. Alirudi nyumbani Ijumaa ile ile, na bidii aliyokuja nayo sijawahi kuiona. Hasomi tena kurasa nyingi, ameng'ang'ania ukurasa mmoja tu, anasimama karibu kabisa na pazia anausoma polepole, kwamba maungamo ya mtu ili yakubaliwe lazima yawe ya hiari yake, yasitokane na vitisho wala ahadi wala kushurutishwa. Halafu ananitengenezea chai, anaondoa kile kichwa cha kipara kwenye nafasi yake, anavuta kiti, ananiambia, "Mama, njoo ukae hapa ufanye mshtakiwa, nataka mazoezi." Nakaa. Ananitazama usoni anasema, "Hulazimishwi kusema lolote. Lakini, mama, je, una lolote la kusema?" Mimi nacheka nasema, "Sina, mheshimiwa." Anasubiri kidogo. Halafu anasema, "Basi, shauri linaahirishwa," anachukua vikombe anaenda kuviosha. Kila siku jioni hivyo hivyo, Mshauri. Nani mwingine ana mtoto wa namna hiyo?

Sasa naomba unisaidie. Nimwambie nimvunje moyo wakati mtihani wenyewe uko mbele yake? Au niende mwenyewe kwa hakimu nikamweleze kimya kimya bila kumtaja mwanangu? Au nivute subira tu mpaka mwisho wa mwezi, huenda daktari akasema kijana ni mzima na mambo yakaisha yenyewe? Nijibu haraka, juzi nimemsuka mtu mstari umepinda, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Ni mimi,
Mama Wakili, msusi.

*

MSHAURI ANAJIBU

Mama Wakili, barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikicheka na mara ya pili nikiwa nimekunja uso. Nianze na uso uliokunjwa.

Dada yangu, wewe mwenyewe ukikosea mstari kichwani kwa mtu unaufumua unaanza upya, mteja anaondoka ameridhika. Siku ambazo Redio amelala rumande utazifumua vipi? Unaniuliza kama usubiri mwisho wa mwezi. Unasubiri ukiwa umelala kwenye kitanda cha nani? Chako. Yeye je? Usirudie tena neno subira mbele yangu mpaka kijana huyo awe amerudi kwenye meza yake ya simu.

Na lile wazo la kwenda kumnong'oneza hakimu lifute kabisa. Ungesikiliza vizuri upande wa pili wa pazia ungeshajua kwamba hakimu hafuatwi pembeni kwa habari ya kesi iliyo mezani kwake. Unataka kuongeza la pili juu ya la kwanza?

Nimemuuliza wakili, wakili kweli, mwenye leseni na kabati la mafaili. Anasema ulichosikia kupitia pazia ni kweli, ila pazia lilikupitishia nusu. Haki ya kunyamaza ipo ili mtu asilazimishwe kujitia hatiani kwa mdomo wake mwenyewe. Haikuwekwa ili mtu afiche jina lake na mahali anapolala. Aliyetaja jina na makazi na akawa na ndugu wa kusimama kumdhamini, kwa kosa kama lile, mara nyingi analala kwao. Habari ya nani aliyeleta ile simu ndiyo ya kuizungumza na wakili kwanza, kabla ya kuitoa kwa askari. Umeona tofauti? Hiyo ndiyo sababu watu wanaisomea miaka, tena kwa machozi.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo, kabla hujamgusa mteja yeyote nywele. Nenda kwa jirani yako kwa kupitia mlangoni, ukuta uache. Mwambie maneno yale hayakutoka kwa binti yako, yalitoka kwako, na hayakuwa sahihi. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, na usijitetee hata kidogo. Hapo ndipo kunyamaza kunakufaa wewe. Akimaliza, mwongozane kwenda kumwona kijana, naye mama yake amwambie kwa mdomo wake kwamba sasa ataje jina lake na nyumbani kwao. Wakili niliyemuuliza anasema si lazima kungoja mwisho wa mwezi. Yanaweza kupelekwa maombi shauri liitwe mapema na dhamana izungumzwe upya, na jirani yako asimame ajitambulishe, na mtandio autumie kujifunika kichwa, mdomo auache wazi. Vyuo vingi vinavyofundisha sheria vina ofisi ya msaada wa kisheria, wanafunzi wanapokea watu na walimu wao ambao ni mawakili ndio wanaosimama mahakamani. Ulizia kama cha binti yako kinayo. Yeye ndiye atakayejua mlango wake.

Baada ya hapo nenda sokoni. Ndiyo, sokoni. Jina la mtoto lilichafukia hadharani, litasafishiwa hadharani. Useme kwa sauti ile ile unayotumia kumsifia, na naamini hiyo haijawahi kukukauka, kwamba Wakili hajawa wakili, ni mwanafunzi, na hajawahi kumshauri Redio neno lolote. Halafu bandika karatasi kwenye kile kioo chenye ufa: hapa tunasuka tu.

Nimemaliza kukugombeza. Sasa nikupongeze, maana huenda hata wewe mwenyewe hujaona ulichokiandika. Kumsifia mtoto wako si kosa. Nimesoma barua za akina mama wengi wanaowalalamikia watoto wao, yako nimeisoma nikatamani kumjua huyo binti. Hata Redio nampongeza. Kijana wa maneno mengi aliyenyamaza siku zote hizo kwa sababu tu anaamini mtu fulani alisoma, huyo anastahili zaidi ya kuinamishiwa kichwa. Mlipe kwa ukweli.

Lakini umeniuliza kama umwambie binti yako. Mama Wakili! Mnagawana ukuta na muuza mitumba anayekushukuru kila asubuhi kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. Binti amerudi Ijumaa ile ile. Vitabu vyote ameviweka kando, amebaki na ukurasa mmoja, anausomea karibu na pazia ili usikose hata neno. Anakutengenezea chai. Anakuweka kwenye kiti cha mshtakiwa. Anakuambia hulazimishwi. Anakuuliza una lolote la kusema, anasubiri, na ukisema huna, anaahirisha, hakutishi, hakulilii, hamwambii mtu, anaosha vikombe, kesho anaanza tena. Wewe ukadhani ni mazoezi ya mtihani.

Dada yangu, mwanao anajua. Amejua toka siku ya kwanza. Angeweza kukuvamia kwa maneno nawe ungekiri palepale huku unalia, lakini amekataa kuchukua ungamo lako kwa nguvu. Haki aliyokuwa akiitafutia kile kichwa cha plastiki, sasa anakupa wewe, na inamgharimu, maana kila siku anayokusubiri jina lake linazidi kuzunguka sokoni. Mtoto wa namna hiyo hutamvunja moyo kwa kumwambia. Unamvunja kila jioni unapocheka na kusema, "Sina, mheshimiwa."

Kwa hiyo leo usingoje akuite. Chai utengeneze wewe. Kile kichwa cha kipara kiondoe mwenyewe mezani, uvute kiti, ukae, na kabla hajafungua mdomo kukuuliza, mwambie unalo la kusema.